Nguzo ya Kushoto

Mimi ni fundi mzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa mke wangu Leokadia atakwambia kwamba kujisifu ndiyo kazi yangu ya pili. Nilifundishwa uashi na wamisionari kule Bukoba, miaka mitatu, na Bruda aliyetufundisha alikuwa na tabia ya kuupiga ukuta teke mbele ya darasa zima. Ukitikisika, unaubomoa wote na kuanza upya. Kwake yeye ukuta ulikuwa saruji. Chokaa ilikuwa kitu cha kupaka mashina ya miti kiongozi akitembelea mkoa. Nilitoka pale nikiamini hivyo kama ninavyoiamini Baba Yetu.

Lango ninalotaka kulisimulia liko Maryland, huku Marekani. Unaiacha barabara kuu ya Rockville Pike na maduka yake, unaingia barabara za ndani zenye miti mirefu, ambako nyumba huzioni kabisa, unaona sanduku la barua tu. Ni lango la Waingereza. Zamani, miaka ya elfu moja mia tisa na ishirini, tajiri mmoja wa hapa alinunua geti, nguzo na ukuta wa jumba la mashambani lililokuwa likibomolewa kule Uingereza. Akavipakia melini jiwe moja moja, kila jiwe limeandikwa namba mgongoni, akavisimamisha upya mbele ya nyumba yake. Nguzo mbili ndefu, juu ya kila moja mbwa wa mawe amekaa kitako, katikati milango ya chuma kilichofuliwa kwa nyundo, na kila upande ukuta unaopinda kuelekea barabarani. Mbwa wa kushoto alikuwa na sikio moja. Jiwe lake ni laini, rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi.

Septemba mwaka 2003 kilipita kile kimbunga cha Isabel. Mwaloni mkubwa uling'oka ukaiangukia nguzo ya kushoto pamoja na kipande kirefu cha ukuta. Mbwa wa sikio moja tulimkuta amelala kwenye majani, mzima. Mwenye nyumba, bibi mjane aliyeshapita miaka themanini, akampa kazi Kwasi, na Kwasi akatupa sisi wawili, mimi na Fahmi.

Kwasi ni Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa D.C., mwenye kampuni ndogo ya kurekebisha majengo ya zamani. Kiswahili alikisoma chuo kikuu, kisha akakaa Morogoro miaka miwili akifundisha, na kimenyooka kuliko changu. Sisi tukisema "lete mwiko huo," yeye husema "tafadhali niletee mwiko ule uliopo juu ya jukwaa." Tulikuwa tunamcheka, naye anacheka pamoja nasi.

Fahmi alikuwa Mzanzibari, kijana wa miaka kama thelathini, asiye na mke. Uashi alirithi kwa mjomba wake aliyekuwa akizitengeneza nyumba kuukuu za Mji Mkongwe. Alipofika Marekani mtu alimpa namba yangu ya simu, basi akalala kwenye kochi letu Temple Hills miezi miwili, mpaka alipopata chumba Alexandria ya Virginia na wenzake. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Kwasi. Aliniita kaka, Leokadia akamwita shemeji, na mwezi wa Ramadhani kila Jumapili Leokadia alimpikia futari, tambi na uji wa pilipili manga, akafuturu mezani kwetu chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Binti yetu Anitha na mdogo wake walikuwa wakigombea nani akae karibu naye.

Sasa kuna jambo la makaratasi, na hili lazima nilieleze. Kwetu sisi huku ugenini, mtu haulizwi makaratasi yake. Unaweza kuishi na mwenzio miaka kumi, ukajua hata namba ya kiatu chake, usijue aliingia vipi. Mimi na Leokadia tulishinda bahati nasibu ya viza, tukaja na kadi zetu za kijani mkononi. Hatukumtangazia mtu, maana ukitangaza unaonekana unaringa. Fahmi viza yake ilikuwa inayoyoma. Jioni moja alikuwa amekaa jikoni kwetu ameshika tama, anahesabu miezi, nikamwambia, "Makaratasi yanatutesa sote, mdogo wangu." Lilikuwa neno la kumfariji tu, asijione yuko peke yake. Akaitikia kwa kichwa. Sikulirekebisha.

Kwasi alikuwa amemuahidi kwamba lango hili likikubaliwa na wakaguzi, atamwekea wakili na kumuombea kibali cha kubaki, kama fundi bingwa wa chokaa, maana mafundi wa namna hiyo hapa hawapatikani. Kwa hiyo nguzo ile kwangu ilikuwa kazi, kwa Fahmi ilikuwa ndiyo kubaki au kuondoka. Nililijua hilo vizuri sana.

Tukaanza Oktoba. Fahmi aliloweka chokaa yake kwenye mapipa, akawa anaikoroga na kuifunika kila siku kama mtu aliyetegesha maziwa yagande. Asubuhi aliwasalimu wale mbwa wawili wa mawe, "Sabalkheri," kisha ndiyo atusalimu sisi.

"Jiwe hili lapumua, kaka," alinieleza. "Chokaa huliachia njia. Ukilitia saruji umeliziba pumzi. Maji hubaki ndani, baridi ikija yaganda, na uso wa jiwe wabanduka wote."

"Fahmi, hapa siyo Unguja," nikamwambia. "Ume-check weather? Winter inakuja. Chokaa yako ita-dry lini?"

"Haikauki, kaka, yashika. Polepole. Twaifunika magunia mabichi, twaingojea."

Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Kwasi akitaka kujua kitu kuhusu mchanganyiko alimuuliza Fahmi, hakuniuliza mimi. Mimi mkubwa, mimi niliyemleta, mimi niliyesomeshwa na Bruda wa kupiga mateke kuta. Niliona wivu. Nimechukua miaka mingi kulitamka neno hilo, kwa hiyo naliandika hapa wazi.

Bibi mwenye nyumba alitaka geti lifunguke Alhamisi ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, watoto na wajukuu wake wote wanakuja. Mwaka ule Idd iliangukia Jumanne ya wiki hiyohiyo. Jumatatu jioni nguzo ilikuwa imefika kifuani. Kwasi alikuwa kwenye kazi nyingine Baltimore, na ametuachia tuamue wenyewe.

"Usipandishe, kaka," Fahmi aliniambia akivua glavu. "Ngoja nikishasali Idd yangu, Jumatano twapandisha sote. Na baridi ikituwahi, twaifunika mpaka Machi. Bibi ataelewa."

"Nenda kasherehekee," nikamjibu. "Usiwe na wasiwasi."

Jumanne asubuhi nilisikia redioni kwamba mwisho wa wiki maji yataganda. Nikapita dukani, nikanunua mifuko ya saruji. Nilijiambia naiokoa kazi, naiokoa hata ahadi ya Fahmi mwenyewe. Uongo mtupu. Nilitaka Kwasi arudi akute nguzo imesimama na ajue ni nani aliyeisimamisha. Tulikuwa na vibarua wawili wa El Salvador na winchi, tukapandisha jiwe baada ya jiwe, ndani yote saruji. Kwenye kila kiungo niliacha nafasi ya kina cha pingili moja ya kidole kwa nje, nikaijaza chokaa ya Fahmi. Kwa macho usingejua kitu. Saa kumi jioni mbwa wa sikio moja alikuwa juu, anatazama barabara. Nilifurahi, kusema kweli. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano Fahmi alikuja amebeba sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha, ndani visheti, vileja na kipande kikubwa cha halua. Alisimama getini akamtazama mbwa juu. Akaiweka sahani ukutani, akaisogelea nguzo, akachagua kiungo chini ya ule mkanda wa mawe yaliyotokeza, akabonyeza kwa kidole gumba. Huo ulikuwa mtindo wake wa kupima chokaa. Kidole kikaingia kidogo, kikakwama. Alikaa hivyo muda, amekiacha kidole palepale, halafu akakifuta kwenye suruali.

"Umefanya kazi kubwa, kaka," akasema. "Visheti wape watoto."

Nilidhani ananisifu. Nilikula visheti vitatu nikiwa nimesimama.

Thanksgiving ikapita salama, bibi alilia kwa furaha geti lilipofunguliwa. Kisha ikaja baridi, na mwaka ule ilikuwa kali. Mwezi Machi nyuso za mawe zilikuwa zinabanduka vipande vipande, na ufa umeteremka kutoka miguuni mwa mbwa hadi katikati ya nguzo. Bibi akaleta mtaalamu wake wa majengo ya kale, mama mmoja mwenye patasi ndogo mfukoni. Akachokoa kiungo kimoja tu. Nje cheupe, ndani kijivu. Hakuhitaji kuchokoa cha pili.

Kwasi alituita mbele ya nguzo, sisi wawili na yule mtaalamu. Hakupaza sauti.

"Ni nani aliyetia saruji?"

Fahmi aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa anangojea. Mimi nikatazama buti zangu, la kushoto lilikuwa na doa la chokaa kwenye ncha. Basi la shule lilisimama barabarani, likashusha watoto, likaondoka, na bado nilikuwa naangalia lile doa.

"Mchanganyiko ulikuwa wangu," Fahmi akasema.

"Wewe?" Kwasi alimkazia macho. "Wewe uliyeniapia kwamba saruji haitagusa jiwe hata moja?"

"Mie."

Kwasi aliniambia baadaye kwamba kama Fahmi angekuwa hajui, angemvumilia. Lakini alijua, na mtu aliyejua akafanya hivyo, yeye Kwasi asingeweza kumwombea kibali kwa kusema ni bingwa. Siku ileile Fahmi alikusanya miko yake, akaifunga kwenye kitambaa, akanipa mkono. Nguzo bibi aliitafutia mwenyewe fundi wa kuzibaziba. Akaubana ule ufa kwa pini za chuma, akaiacha hivyo.

Leokadia nilimwambia Fahmi amekosea mchanganyiko. "Fahmi? Akosee chokaa?" aliniuliza, akanitazama kidogo, hakuuliza tena. Lakini Ramadhani iliyofuata, kila Jumapili alipika tambi kama kawaida, tukazila wenyewe.

Fahmi akawa anaegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja Alexandria. Mwaka 2005 viza ikaisha kabisa, akaondoka. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Tulikuwa na dakika arobaini ndani ya gari, sisi wawili tu, mlango umefungwa. Tulizungumzia uzito wa mabegi.

Miaka ikaenda. Mimi nikawa msimamizi wa mafundi wa Kwasi. Mwaka 2006 nikala kiapo cha uraia, Kwasi akaja na tai mpya akanifunga mwenyewe shingoni, akatupiga picha na Leokadia. Mafundi wapya nikawafundisha chokaa kama Fahmi alivyonifundisha, nikitumia hata maneno yake, na mtu akinisifu nakubali.

Oktoba mwaka 2008 bibi alikuwa amefariki na wanawe wanataka kuuza nyumba. Wakampigia Kwasi, ile nguzo irudishwe kama ilivyotakiwa kuwa. Tukamshusha mbwa kwenye majani, tukaanza kubomoa kutoka juu. Kuing'oa ile saruji ilikuwa taabu tupu. Kila jiwe lilikuwa linatoka na kidonda. Nilipofika chini ya ule mkanda, pale mvua isipofika, mkono ukasimama.

Palikuwa na alama ya kidole gumba kwenye chokaa. Imeganda pale miaka mitano, hata mistari ya ngozi inaonekana. Nikachokoa kwa patasi pembeni yake kupima kina. Chini ya kidole kulikuwa na chokaa nyembamba kama ukoko, kisha saruji. Kidole chake kilikuwa kimegonga saruji yangu, asubuhi ileile, huku sahani ya visheti iko ukutani. Kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza. Alijua Machi wakati ananingoja. Alijua ndani ya gari.

Nilikaa chini kwenye mawe. Kwasi alikuja akiuliza kama nimeumia, nikamwonyesha ile alama ya kidole, nikamwambia yote. Wivu, mifuko ya saruji, Jumanne ya Idd, buti.

Kwasi aliinama akaitazama ile alama. "Uliniacha nimfukuze fundi wangu," akasema mwishowe. "Five years, Laurean. Miaka mitano umekula nami meza moja." Akatoa simu yake. "Yeye hunitumia salamu za Idd kila mwaka. Mwambie yeye, si mimi."

Mikono yangu ilikuwa imejaa chokaa, akaiweka simu juu ya ukuta na kufungua sauti. Ilikuwa saa tano asubuhi kwetu, Unguja jioni. Ikaita mara nne.

"Kwasi! Za siku nyingi?"

"Siyo Kwasi, Fahmi. Ni Laurean."

"Kaka Laurean! Ala! Shemeji hajambo? Watoto wazima?"

"Wazima. Anitha ameanza college mwaka huu."

"Mashaallah, Anitha! Na yule mbwa wetu wa sikio moja?"

"Amelala kwenye majani tena. Tunaibomoa nguzo." Nikavuta pumzi. "Fahmi, ile saruji..."

"Ilikuwa yako. Najua, kaka. Si nilitia kidole?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akacheka kidogo, kicheko chake kilekile cha puani. "Ningesemaje? Nimelala kwako, nimekula kwako, nikuumbue mbele ya watu? Halafu skiza. Mie nilikuwa peke yangu. Wewe una shemeji na watoto wawili, na makaratasi yako kama yangu. Kwasi angekufukuza, ungekwenda nao wapi? Nilikutazama siku ile, nikaona husemi, nikajua unawaogopea wao. Nikasema basi, bora mie."

Kwasi aliinua kichwa. Yeye ndiye aliyenifunga tai siku ya kiapo. Faili langu lilikuwa ofisini kwake tangu siku aliyoniajiri, na kadi ya kijani ndani yake. Kama ningesema siku ile, ningekemewa, pengine ningepoteza wiki mbili za kazi. Hakuna ambaye angenigusa.

"Na wala sijuti, kaka," Fahmi akaendelea. "Hapa nipo Mwanakwerekwe, dukani kwa shemeji yangu, twauza vifaa vya ujenzi. Saruji kwa wingi!" Akacheka tena. "Lakini siku nikiona dhiki, namkumbuka Anitha. Nasema angalau mtoto yule hakurudishwa, atasoma. Na leo waniambia yuko chuoni. Roho yangu imetulia, wallahi."

Kwasi alikuwa ananitazama, anangojea. Nikatazama buti zangu.

"Asante, mdogo wangu," nikasema.

"Magunia, kaka, usisahau. Siku saba mabichi, usiruke hata moja."

Simu ikakatika. Kwasi akasema, "Hukumwambia kuhusu kadi yako." Nilitaka kumjibu kwamba nimemhurumia, kwamba hilo ndilo pekee lililombakia Fahmi kwa yote aliyopoteza, nimnyang'anye na hilo pia? Huenda ni kweli. Huenda niliogopa tu kama mara ya kwanza. Kwasi aliichukua simu, akaifuta chokaa kwa mkono wa shati, akaenda kukaa kwenye gari lake.

Tuliijenga nguzo kwa chokaa peke yake. Kwa siku saba nilitoka Temple Hills asubuhi, hata Jumapili, kwenda kulowesha magunia. Lile jiwe lenye kidole nililisafisha pande zote, upande huo sikuugusa, nikalirudisha mahali pake. Nguzo haijabanduka hata punje. Wakiniuliza ni kazi ya nani, nawaambia ni ya Fahmi, fundi wa Zanzibar, na hapo huwa nanyamaza.